Mkia Ndiye Anayefunga Lango

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikasimama upande wa pili wa barabara nikijifanya nasubiri mtu. Karakana ilikuwa Doornfontein, uani kwa jengo moja lenye fundi viatu, washona mapazia na kinyozi mwenye redio ya kelele. Tangu nyumbani Bellevue nilikuwa nimefanya mazoezi ya kujitambulisha, kimoyomoyo, njia nzima. Nilipofika maneno yote yakapotea. Ningesimama pale mpaka jioni kama Patron, mwenye karakana, asingetoka na beseni la maji machafu, akayamwaga kando ya barabara, akaniona.

"Weye ni mutoto wa Mama Riziki?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa unachunga barabara ama unakuya kazi?"

Ndivyo nilivyoajiriwa. Nilikuwa gredi ya kumi. Sasa nimeiacha kazi hiyo, na kaka anayesimamia vijana kanisani kwetu ameniomba niwaandikie ninyi mnaotafuta kazi za Jumamosi, niwaeleze ilivyofanywa wakati wangu. Alipotangaza alisema, "Mstaafu wetu Riziki atatuandikia," watu wakacheka, mimi nikatazama viatu vyangu. Lakini ni kweli nimestaafu, ingawa nina miaka kumi na minane tu. Kusimama mbele yenu siwezi. Kuandika naweza.

Patron alikuwa fundi baiskeli tangu Uvira, Kongo, na hapa Johannesburg alifungua karakana ileile aliyoiacha kule, kwa spana zilezile karibu. Siku moja mteja alimwonyesha kwenye simu ziara za baiskeli za huko Vietnam: wageni wanaendesha taratibu kati ya mashamba ya mpunga, wanaingia kwa mkulima, wanashika jembe kidogo, wanakula alichopika, wanarudi. Patron alitazama ile video hadi simu ya mteja ikazima. "Wao iko na mpunga," alisema. "Sisi iko na spinachi. Mutalii atakosa nini?"

Kweli upande wa kusini wa jiji, ukishapita vilima vya mchanga wa machimbo na robot ya mwisho, yaani taa za kuongoza magari, yapo mashamba madogo ambayo watu wa huku wanayaita plot. Wapo wa kuku, wapo wa kabichi, yupo mwenye ng'ombe wa maziwa. Kati yao zimepita njia za vumbi, nyembamba, zenye waya kila upande. Huko ndiko tulikokuwa tunawapeleka wageni kila Jumamosi.

Cheo changu cha kwanza kilikuwa cha beseni. Tyubu iliyotoboka unaijaza upepo, unaizamisha majini, unafuata mapovu. Ukipata tundu unalikausha, unalisugua kwa msasa mpaka mpira ukwaruze kama ulimi wa paka, unapaka gundi, kisha unangoja. Wengi huharibu hapo kwenye kungoja. Gundi ikiwa bado mbichi kiraka hakishiki. Mimi kungoja kimya nilikuwa nakuweza, kwa hiyo Patron alinipenda.

Kisha nikahamishiwa kwenye trela, chini ya Mkuu wa Usafiri. Hicho cheo alijipa mwenyewe. Alikuwa dereva wa bakkie yetu, yaani pikapu, Mtanzania wa Tanga, na hakuna baiskeli aliyoifunga kamba kabla hujamwamkia.

"Shikamoo," ningesema, chini chini.

"Sijasikia. Nyie Wakongo mnaamkia kama mnaiba."

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Haya, anza na ile nyekundu. Usukani upishane na pedali ya mwenzake, zisikunane rangi."

Cheo cha tatu ndicho nilichokaa nacho muda mrefu, nacho ni mkia. Mkia ni yule anayeendesha nyuma ya wageni wote. Patron alikuwa kichwa. Mkia hampiti mgeni hata kama anatambaa. Akisimama, unasimama. Cheni yake ikitoka, unairudisha. Na kwa kuwa njia zile zinapita mashamba ya watu, kuna malango, na kila lango lina mnyororo wenye ndoano. Kichwa anafungua, wageni wanapita, mkia anafunga. Ng'ombe wa mtu akipotea kwa sababu lango liliachwa wazi, hutakanyaga pale tena.

Nilikipenda cheo hicho kwa sababu hakuna anayekutazama. Unaona migongo tu.

Tulizungumza kwa kengele. Mlio mmoja, simama. Miwili, gari linakuja nyuma. Halafu ulikuwepo mmoja ambao Patron alinifundisha siku aliyonipa umkia, uani pale karakana, na baiskeli zimepangwa mstari. Alibonyeza kengele yake mfululizo bila kukata.

"Hii ni ya kugeuka," alisema. "Mu ile njia hamuna nafasi ya kupitana. Kila mutu anashuka, anageuza baiskeli palepale anaposimama. Mkia unakuwa kichwa."

"Mimi?"

"Sasa nani? Weye ndiye wa mbele siku hiyo. Na kichwa hageuki nyuma. Ukigeuza shingo, usukani unageuka nayo, batu bote banakuangukia."

"Na wewe Patron?"

"Mie nakuwa mkia. Nafunga lango."

Nilirudi nyumbani. Katika daftari langu la shajara niliandika: Mungu, hiyo kengele isilie.

Niseme ukweli kuhusu woga, maana ndio uliokuwa kazi yangu halisi, hizo baiskeli zilikuwa juu yake tu. Niliogopa mbwa wa kwenye plot. Niliogopa bata bukini wa bibi mkulima tuliyemwita Gogo, ambao walikuwa wanakuja na shingo chini, wakizomea kama tairi linalovuja. Niliogopa wageni wakiniuliza swali. Lakini zaidi niliogopa watu wa njiani. Mama yangu anasuka nywele, na kwenye saluni habari zinafika kabla ya redio. Ikisemwa kwamba mahali fulani wageni kama sisi wamefungiwa maduka, au watu wanasimamishwa kuulizwa karatasi, aliniambia asubuhi huku akinifunga skafu: "Leo ukiwa njiani, Kiswahili kiache nyumbani. Simu ikilia, usipokee. Kaa kimya, Riziki." Watu walidhani nimezaliwa mpole. Nusu nilizaliwa hivyo, nusu nilifundishwa.

Gogo alikuwa mkulima wetu mkuu. Bibi wa Kizulu, mjane, mwenye spinachi ya mabua meupe manene kama vidole vya mikono yake, na ng'ombe watatu aliowaita kwa majina ya shemeji zake. Shamba lake lilikuwa na njia mbili. Ya mbele inapita kwenye njia panda yenye mikaratusi. Ya nyuma inazunguka kwa jirani wa maziwa na kuingilia lango la ng'ombe. Tulizoea ya mbele.

Siku ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya baridi, majani yamekauka yote, mengine yamechomwa. Patron alikuwa na furaha isiyo ya kawaida, kwa sababu kati ya wageni alikuwepo bibi kutoka Vietnam yenyewe, aliyekuja kumtembelea binti yake anayefanya kazi huku. Jina lake Bibi Hoa. "Leo mwalimu amekuya kusahihisha," Patron aliniambia, akampa baiskeli ya kiti laini.

Bibi Hoa alikuwa wa mwisho kwenye mstari, yaani jirani yangu. Aliendesha kama mtu anayekwenda sokoni na hana haraka. Alisema nami kwa Kiingereza chake kidogo, bila kugeuka.

"Kwetu njia kama hii ina maji pande zote mbili. Ukianguka unalowa."

Nikasema, "Hapa ukianguka unachomwa na waya."

Akacheka. Nilishangaa kwamba nilikuwa nimejibu.

Tulikuwa tunaikaribia njia panda nilipoona mstari unapunguza mwendo. Mbele, kwenye mikaratusi, palikuwa na wanaume wamesimama. Walikuwa wameweka gogo la mti kukatiza njia. Sikuwahesabu. Nilimwona mmoja ana fimbo ameiegemeza begani, kama mtu anayechunga. Patron alishuka, akainua mkono kuwasalimu. Sikusikia aliloambiwa. Niliona akiingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, polepole, pale anapoweka karatasi yake ya ukimbizi, na nikaona mmoja wao akimpokonya hiyo karatasi bila kuitazama.

Mkono mwingine wa Patron ulikuwa bado kwenye usukani. Kengele ikaanza kulia. Haikukata.

Wageni walidhani ni mchezo. Mmoja akailiza yake pia, mwingine akacheka. Mimi nilijua si mchezo. Nawaambieni hili kwa sababu mtadhani mstaafu ni mtu aliyekuwa jasiri. Nilifikiria kitu kimoja tu, kuiacha ile baiskeli na kupenya chini ya waya na kukimbia. Kisha Bibi Hoa, ambaye hakuna aliyemfundisha, akashuka, akaigeuza baiskeli yake palepale, akanitazama. Nikageuza yangu; sasa alikuwa nyuma yangu. Wote walikuwa nyuma yangu.

"Geuzeni," nikasema. Haikutoka. Nikasema tena kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo sikuijua. "Geuzeni hapo mlipo. Kuna njia nyingine. Nifuateni."

Nikapanda. Sikugeuka nyuma, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, kuliko mitihani, kuliko safari yetu ya kuja nchi hii nilipokuwa bado mdogo wa kubebwa. Nyuma yangu nilisikia matairi kwenye vumbi, pumzi za watu wasiozoea, na kwa mbali kengele ya Patron ikiendelea. Kisha ikanyamaza.

"Yule wa nyuma," Bibi Hoa akauliza, "ni baba yako?"

"Ni bosi wangu."

Alisogea karibu, tairi lake la mbele likawa kama linanisukuma.

Tulizunguka kwa jirani wa maziwa. Mbwa walitoka wakabweka na sikuwaogopa, nadhani hapakuwa na nafasi. Tulipofika lango la ng'ombe nikatoa mnyororo kwenye ndoano, nikalisukuma, nikapita, na wageni wakapita mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mwanamume mrefu mwenye kofia ya njano. Akashuka, akashika lango alifunge.

"Acha," nikasema.

"Wale watu wanaweza kutufuata."

Alisema kweli. Nilitazama lile lango. Likifungwa, wanaume wale wangechelewa kidogo tu, maana si kufuli, ni ndoano. Lakini mtu anayekuja peke yake akikimbia, akakuta lango limefungwa nyuma ya watu wake, ataelewa nini?

"Mkia ndiye anayefunga," nikamwambia. "Mkia hajafika."

Akaliachilia.

Bakkie ilikuwa imeshafika shambani kupitia barabara ya lami na Mkuu wa Usafiri alikuwa anapanga vikombe. Alipoona mimi niko mbele, alikiweka chini kikombe alichoshika, taratibu. Nilimweleza. Alisahau shikamoo. Alipiga simu polisi, akaambiwa gari linakuja, akaenda kwenye bakkie na funguo mkononi.

Gogo alimzuia kwa fimbo yake. "Wena, wewe, unakwenda wapi na hiyo lugha yako mdomoni? Wakupate wewe pia?" Alikuwa anasema Kizulu na mimi namtafsiria. "Nimempigia mtoto wa kaka yangu. Anawajua, alisoma nao. Yuko njiani."

"Na asipofika?" Mkuu akauliza.

Gogo aliteremsha fimbo. Alitazama kule chini. "Nani ameacha lango langu wazi?"

"Mimi, Gogo. Patron hajapita."

Ng'ombe wake mmoja alikuwa ameshaliona na anatembea kuelekea huko, bila haraka, kama mwenye miadi. Gogo alimwangalia ng'ombe, akaniangalia mimi. Kisha akaenda akamrudisha kwa fimbo, akasimama katikati ya lile lango wazi yeye mwenyewe, na bukini wake wamemzunguka.

"Wape chai wageni," akaniambia. "Waonyeshe spinachi. Watu wasio na kazi wanaogopa zaidi."

Basi nikaongoza ziara ya shamba. Mimi, ambaye darasani mwalimu akiniita nasimama na kukaa bila kutoa sauti. Nilisema yale niliyokuwa nimemsikia Patron akisema kila Jumamosi. Kwamba spinachi haing'olewi, inavunjwa. Unaanza na majani ya nje, unashika bua chini kabisa, unavuta pembeni, na yale ya katikati unayaacha yaendelee. Bua langu likakatika juu. Bibi Hoa alichuchumaa kando yangu, akavunja moja vizuri, akanipa. "Kwetu tunafanya hivihivi na mchicha," alisema. Nilikuwa nasikiliza. Kila mtu alikuwa anasikiliza, hata yule mwenye kofia ya njano. Upepo ulikuwa unavuma kwenye mabati ya banda na kila mara nilidhani ni mnyororo.

Kisha nikausikia mnyororo wenyewe. Ndoano ikaingia mahali pake, kwa ule mkwaruzo nilioujua kwa sababu ulikuwa wangu kwa muda mrefu.

Alikuwa anakuja kwa miguu. Nyuma yake, kwa mbali, palikuwa na gari dogo la mtoto wa kaka wa Gogo linageuza. Shati la Patron lilikuwa limechanika begani na mdomo umevimba upande mmoja, na alikuwa anatembea kama mtu aliyesahau mguu wake mmoja uko wapi. Gogo alimpisha bila kumshika.

"Baiskeli?" Mkuu akauliza.

"Imebaki." Akanitazama mimi. "Batalii bamekunywa chai?"

"Ndiyo, Patron."

"Na ile lango. Uliliacha wazi."

"Ndiyo, Patron."

Alitikisa kichwa mara nyingi. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaufunika uso kwa mikono miwili, na sisi tukatazama spinachi.

Mtasema sasa woga uliniisha. Hapana. Baada ya siku ile Patron hakuendesha tena. Alisema mguu, lakini mguu ulipona na bado hakwenda. Alikaa karakana na beseni, na kila Jumamosi alikagua breki zetu mara mbili. Mimi nikawa kichwa, na nyuma yangu akawekwa mkia mwingine, na usiku wa kuamkia kila safari nilikuwa natapika. Tulitumia njia ya nyuma daima. Gogo alikuwa anatusubiri langoni. Sikuzoea. Ila nilijifunza kwamba sauti hutoka hata kama tumbo linakataa, na kwamba mtu anaweza kuwa mbele na bado ni mwoga. Wale wanaonifuata walikuwa wanaona mgongo tu.

Mwaka huu nina matriki, mtihani wa kumaliza sekondari, na mama amesema vitabu kwanza. Nilimwambia Patron uani pale, kwa sentensi niliyoifanyia mazoezi tangu Bellevue, na safari hii haikupotea. Alikuwa anasugua tyubu kwa msasa. Aliendelea kusugua.

"Mustaafu," akasema. "Mie niko na miaka yote hii, sijastaafu. Weye na ndevu hauna."

Mkuu wa Usafiri akaangua kicheko, akasema pensheni yangu italipwa kwa spinachi.

Jumamosi yangu ya mwisho nilifika nikakuta bakkie imeshapakiwa. Kulikuwa na baiskeli moja zaidi juu ya trela, ya bluu, mpya kwa rangi na ya zamani kwa mwili, ambayo sikuwahi kuiona. Patron alikuwa amevaa lile koti lake. Bega lilikuwa limeshonwa.

"Leo mkia ni mie," akasema. "Na tunapita ku mikaratusi."

"Patron, njia ya nyuma ni..."

"Najua njia ya nyuma." Alijaribu kengele yake, mlio mmoja, akairekebisha skrubu. "Mutoto, kama utaogopa, ogopa. Lakini usigeuke."

Kwa hiyo nilikwenda. Vilima vya machimbo, robot ya mwisho, vumbi. Nilipoiona njia panda mikono yangu ililowa ndani ya glavu. Hapakuwa na mtu. Lile gogo la mti lilikuwa limesukumwa kando na majani yameanza kulifunika. Niliendesha taratibu kama tunavyoendesha siku zote, na niliposikia upepo kwenye mikaratusi nilitaka kugeuka kwa shingo yote, kuona kama yupo, kama amesimama, kama amerudi. Nikashika usukani. Nikafika lango la Gogo la mbele, nikalifungua, nikapita, wageni wakapita, nami nikaendelea kwenda polepole nikingoja.

Nyuma yangu mnyororo ulirudi kwenye ndoano yake.